Kichwa Cheusi cha Nzai

Mama mmoja, Wangu, alikuwa akisema, na akisema alitaka soko zima limsikie, kwamba mwanamume wa kumdanganya hajazaliwa, na akizaliwa basi atakufa mdogo. Alikuwa ameuza kabichi Malindi tangu ujana wake, akazeekea palepale mbele ya magunia, na alidai mwanamume na kabichi ni kitu kimoja. Ukimbonyeza kidogo juu, unajua kama ndani amejaa au ni majani matupu. "Mimi sina haja ya kumpasua," alikuwa akisema. "Namshika tu."

Basi sikilizeni alivyoshika.

Majina nimeyabadili yote, hata la kituo, kwa hiyo msiende kuulizauliza. Tukiite Tulizana. Kiko huku nyuma ya mji, pale ambapo lami hukata tamaa ikawa mchanga. Ni kituo cha wazee. Asubuhi wanakuja na bakora zao, wanakunywa chai, wanapimwa presha, wanasuka ukili, wanacheza bao na kusingiziana wizi wa kete, na jioni wanarudi makwao. Lakini usidhani ni chao peke yao. Mfereji wa maji matamu wa mtaa mzima uko pale getini. Stima ikipotea, simu zetu zinachajiwa kwa sola yao. Mtoto akishindwa na hesabu anapelekwa kwa karani mmoja mstaafu aliyebakiwa na meno mawili na kichwa kizima. Mke na mume wakivunjiana vyombo wanapelekwa kwa Bibi Nyevu, msusi wa ukili, ambaye huwasikiliza bila kuinua macho, kisha akawatukana wote wawili kwa haki. Na sisi vijana tusiokuwa na kazi, kazi yetu ilikuwa kukaa juu ya ukuta wa kituo na kuwacheka wapitao.

Siku Wangu alipofika mara ya kwanza ilikuwa siku ya presha, na foleni ilikuwa imetoka kibandani ikafika mferejini, ikachanganyika na foleni ya madumu. Alishuka kwenye tuktuk akiwa na gauni la manjano la maua, viatu vya kulia kwa kila hatua, midomo myekundu, na wigi la nywele za kulala lililovaliwa mbele kidogo kuliko Mungu alivyokusudia. Hakuitazama foleni. Aliipita yote kama mtu anayekwenda kudai chake.

"Mama," ikasema sauti, na ilikuwa sauti ya kutikisa mabati, "huku mbele ni kwa wagonjwa. Wazuri waanzia nyuma."

Foleni nzima ikacheka. Wangu akageuka na ulimi wake umeshanolewa, akamwona mzee mrefu, mwembamba, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni, kikoi kimepigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate. Na kichwa cheusi. Cheusi hasa, kama kiatu cha askari siku ya gwaride.

"Na wewe mbona uko mbele?" akauliza Wangu. "Unaumwa nini?"

"Mimi nlikuwa mzima," akasema mzee, "mpaka ulipopita."

Huyo alikuwa Nzai. Maisha yake yote alikuwa fundi wa kinu cha kusaga mahindi kule Vitengeni, na kinu kile kilimla nusu ya masikio, kikamwachia sauti yake. Nzai hakujua kunong'ona. Akisema siri, kuku walihama. Charity, msimamizi wa kituo, mjane wa makamo mwenye huruma nyingi na maneno machache, alipompima presha siku ile alikuta imepanda, akamwambia Wangu kwamba ni makosa yake, aende akakae mbali. Wangu akaenda akakaa kiti cha pili.

Tangu siku hiyo mapenzi yao yakawa mali ya mtaa. Wangu akipiga simu kutoka sokoni mchana, Nzai aliishika kabambe yake, kile kisimu cha vitufe, mbali na uso kama kiazi cha moto, akaiweka spika, na mabishano yote ya bao yalisimama ili watu wasikie vizuri.

"Umekula?" Wangu aliuliza.

"Nimekula, mahabubu. Lakini sijashiba, sijakuona."

Bibi Nyevu alimwagiza Nzai amwambie kwamba na wao hawajashiba, alete kabichi. Na kweli jioni kabichi zilikuja, gunia zima, na kituo kikala mpaka harufu ikatufukuza ukutani.

Siku moja Nzai alimwambia kwamba jina lake lampa tabu. Akimwita Mama Gitau, kwa jina la mwanawe, aona kama amwita mke wa mtu. Akimwita Wangu, watu wadhani ameshaoa.

"Si uoe basi, tujue moja," ikasema simu.

Pale mferejini dumu la mtu lilijaa likamwagika, na mwenyewe hakuinama kuufunga mfereji. Nzai akasema kwamba wazee wa kwao wako mbali, lakini mambo mazuri hayataki haraka. Alimwambia wanawe wanamjengea nyumba Vitengeni, na amekuja kujishikiza Tulizana mpaka ikamilike. Alimwambia ana miaka sitini na moja. Wangu naye akasema ana hamsini na tisa, kwa sauti ya mtu anayesoma kitambulisho. Sisi ukutani tulijumlisha uongo wao tukaona watafaana.

Ila kulikuwa na jambo. Nzai hakutoka getini. Tulizana ina vyumba nyuma ya jikoni, vyenye mlango wao, na wazee wa kuja mchana hawakuwa na ruhusa kule. Nzai alilala huko. Wangu akimwalika chakula Jumapili kwake mtaa wa Kisumu Ndogo, mguu ulikuwa ukiuma. Jumapili ya pili kulikuwa na wageni. Ya tatu akasema mvua, na mwezi ule hata wingu halikupita. Monicah, muuza vitunguu wa meza ya jirani, alimwambia Wangu asijipumbaze. Mwanamume asiyevuka geti kuna mtu anayemwogopa nje, na mtu huyo ni mke. Kuhusu mke Monicah alikosea.

Kisha ikaja alasiri moja ya joto, joto lile la Machi linalofanya hata mbwa waoneane huruma. Nzai alisinzia kwenye benchi, kichwa chake kikaanguka begani kwa Wangu. Alipoamka, bega la gauni la manjano lilikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sikio.

"Hii ni nini?" Wangu akauliza.

"Masizi."

"Ya nini?"

"Ya kinu."

"Kinu ulichoacha lini, mzee Nzai?"

Nzai akacheka, akaomba chai. Wangu hakucheka. Alikwenda nyumbani akalifua gauni, doa likakataa kutoka. Kabichi imeanza kuoza, akajiambia, na mimi nimeibonyeza miezi yote hii.

Siku chache baadaye alifika na gunia lake, akakuta jikoni hakuna mtu, akazunguka kwa nyuma kutafuta wa kumpokea. Huko alimkuta mpenzi wake ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, leso mabegani, macho yamefumbwa kama mtoto anayeoshwa. Mbele yake alisimama Charity na bakuli la piko, ile rangi nyeusi ya nywele, mswaki mkononi, mkono mwingine umemshika kidevu. Alikuwa akimpaka nywele, unywele kwa unywele.

"Nipake mpaka nyuma ya masikio," Nzai alikuwa akinong'ona kwa sauti ya kinu. "Siku ya sherehe watakuja watu."

Wangu akarudi kinyumenyume. Mbele ya geti alisimama, akarekebisha wigi lake kwa hasira ya mtu aliyedanganywa.

Sherehe yenyewe ilikuwa ya kila mwaka, siku ambayo Tulizana hufungua milango na mtaa wote kuja kula pilau ya bure na kuvumilia hotuba. Turubai likafungwa, viti vya plastiki vikapangwa, spika ikapiga nyimbo za kanisa kwa nguvu. Charity alishika maikrofoni mwanzoni kabisa, akaomba jambo moja: wazee waliokaa benchi la nyuma wasipigwe picha. Alilisema mara mbili. Tulilisikia kama tunavyosikia matangazo ya harusi za watu tusiowajua.

Nzai alikuwa kwenye benchi lile, mwisho kabisa, shati jeupe, kichwa kinang'aa. Wangu alivaa lile gauni la manjano. Doa alikuwa ameliacha wazi makusudi.

Baada ya pilau akaomba maikrofoni. Akasema kwamba kwao bara mwanamke akimpata mzee wa moyo wake humwosha mbele ya watu, kumbariki. Hiyo desturi alikuwa ameitunga asubuhi ile akipiga mswaki. Akamwita Nzai mbele. Nzai alitazama huku na huku, akamtazama Charity aliyekuwa mbali akigawa soda, akamtazama Wangu. Mapenzi yakamnyanyua. Alikuja akitabasamu, akaketi kwenye kiti alichowekewa, akanyoosha mikono apakwe sabuni.

Wangu akaipita mikono. Jagi zima la maji ya moto kiasi, yenye sabuni ya kufulia, alilimwaga utosini, na kabla mzee hajapata pumzi akaanza kusugua.

Sitawaficha, ilichekesha. Rangi ilishuka usoni kwa mikondo, ikaingia masikioni, ikaingia kwenye lile shati jeupe mpaka likawa kama ramani. Piko nzuri haitoki, lakini ile ya kituo ilikuwa ya kuungaunga, na Wangu alikuwa na mikono ya kubeba magunia. Chini ya weusi kikatokea kichwa cheupe, cheupe kama pamba iliyopasuka. Watu walianguka vitini. Watoto waliruka. Mtu mmoja, Mungu anamjua, alikuwa ameinua simu, na kwenye video ile utasikia kicheko kimoja juu ya vyote, karibu na simu yenyewe, kama pampu ya baiskeli iliyotoboka: hiii-hiii-fyuu, hiii-hiii-fyuu, mwanzo mpaka mwisho.

"Mtazameni," Wangu akasema kwenye maikrofoni. "Kijana wangu wa sitini na moja."

Nzai hakujifuta. Akainua macho yake mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue akasema kwa sauti ndogo, hata waliokuwa mbele hawakuipata vizuri.

"Wangu. Umeniua."

Wangu akadhani ni aibu inasema. Charity akaja mbio, akamfunika mzee kichwa kwa leso, akampeleka nyuma. Kisha akarudi, akamshika Wangu mkono kama unavyomshika mwizi, akamwingiza jikoni.

Alichomwambia humo alikisema bila kupandisha sauti. Kule kwa Nzai mjukuu mmoja alikufa kwa homa, akafuata wa pili. Watu wa nyumba wakaenda kwa mganga, naye akawaambia watafute kwao mwenye mvi na macho mekundu. Macho ya Nzai yalikuwa yameunguzwa na unga wa mahindi wa miaka yote ile, na mvi zilikuja zenyewe. Wakamwita mutsai, mchawi. Shamba lilikuwa zuri, na wanawe walishachoka kulisubiri. Kaka yake mkubwa, mwenye kichwa cheupe kama yeye, alikatwa mapanga mlangoni pake akisukutua. Nzai alikimbia na kikoi alicholalia. Wazee wote wa vyumba vya nyuma ni wa namna hiyo, na ndiyo maana hawapigwi picha, hawaulizwi kwao ni wapi, na kila wakati vichwa vyao vinapakwa rangi.

"Ile piko si urembo, mama," Charity akasema. "Ndiyo paa lake. Na wewe umeliezua, watu wakitazama."

Habari za namna hiyo Wangu alikuwa amezisikia redioni miaka yote, kati ya bei ya mafuta na matangazo ya vifo. Lakini habari ya redio haivai kikoi kilichopigwa pasi. Haikwambii wewe ni mzuri uanzie nyuma. Aliketi juu ya gunia lake la kabichi, mikono yake myeusi mpaka viwikoni, asijue aifutie wapi.

Chai ya jioni ilikuwa bado haijanywewa kabambe ilipolia. Nzai, kwa mazoea, akaiweka spika.

"Shikamoo, baba." Ilikuwa sauti ya Fondo, mwanawe wa kwanza, tamu kama ya mtangazaji. Akasema wamemwona kwenye simu za watu, na namba wamepewa na watu haohao. Amenona. Kumbe yuko hapa Malindi tu, na wao wamemlilia siku zote. "Usiondoke hapo. Twaja kukuchukua."

Wacheza bao waliweka kete chini. Hata sisi tulikuwa tumeshuka ukutani.

"Marahaba, mwanangu," akasema Nzai, akaizima.

Asubuhi gari lilikuja kumpeleka kwenye kituo kingine, mbali, ambacho hata jina lake Charity halitamki. Wangu alikuwa amefika kabla ya gari. Alimkuta Nzai ameketi juu ya ndoo ileile, kifurushi miguuni, kichwa kimepakwa upya. Hakusema samahani. Alilivua wigi, akaliweka mapajani kama paka aliyekufa. Kichwani mlikuwa na mvi fupi, za rangi ya jivu.

"Nina sitini na sita," akasema.

"Mimi sabini na mbili." Nzai akalitazama wigi. "Hilo nlilijua tangu siku ya kwanza. Lilitangulia kufika, wewe ukafuata."

"Na hukusema?"

"Mtu akifunika kichwa ana sababu yake. Mimi sikuuliza."

Afadhali angempiga. Wangu alilia kwa kelele, kama watu wa kwao wanavyolia msibani. Nzai alimwacha alie mpaka akachoka, kisha akamwambia anyamaze, presha itapanda, na leo mashine iko kabatini.

"Nioe," Wangu akasema. "Hapa hapa. Tutaondoka pamoja."

"Nikuoe leo uwe mjane lini?"

Charity, aliyesimama mlangoni, akamweleza kwamba huko hawapokelewi wapenzi, wanapokelewa waliosingiziwa tu. Nafasi hazitoshi hata kwao. Wangu akasema basi na asingiziwe. Nzai akachukua kifurushi chake, na kwa kuwa namba yake sasa ilijulikana kwao, akamwachia kabambe mkononi. Garini hakugeuka. Alisema kwa ile sauti yake ya kinu, mtaa wote ukasikia, kwamba yule mwanamke asiachwe akaenda sokoni bila kunywa chai.

Kabambe ililia siku hiyohiyo. Wangu aliitazama ikitetemeka, akaipokea.

"Mimi ni mke wake," akasema. "Baba yenu amekufa."

Nimeona matanga mengi, na sijaona mazuri kama yale ya mtu aliye hai. Wangu hakumwomba mtu. Bibi Nyevu alisikia alichosema kwenye simu, akaweka ukili chini, akapiga ukunga, na kazi ikaanza. Mtaa mzima ulidanganya kwa pamoja. Waliochota maji pale bure miaka yote walileta kuni. Waliopatanishwa na Nyevu walileta mchele, kila mmoja wake, wakagombana njiani. Yule karani wa meno mawili akatunga wasifu wa marehemu akausoma kwa machozi. Kwaya ya kanisa la kina Wangu iliimba. Nasi tulitandika mikeka, tukakaa na nyuso ndefu, na mwenzetu mmoja akalia mpaka tukamwambia apunguze.

Fondo alikuja na wenzake wawili, shati safi, viatu safi. Wangu aliketi chini, nguo nyeusi, kichwa wazi. Wigi halikurudi tena kichwani mwake.

"Shikamoo, mama," Fondo akasema. "Alikufaje?"

"Video umeiona?"

"Nimeiona."

"Ni mimi nilimmwagia maji. Alikwenda chumbani na ile aibu, moyo ukakataa. Mimi ndiye nimemuua baba yako." Alilisema mbele ya watu wote, macho hayapepesi, na kwa kuwa nusu yake ilikuwa kweli machozi yalikuja yenyewe.

Fondo aliuliza mbona hawakuitwa kumzika. Wangu akamjibu kwamba mtu aliyekimbia kwao hana wa kumwita. Akawapeleka makaburini, akawaonyesha tuta bichi lisilo na jina, la mtu fulani ambaye hakuna aliyemdai. Mmoja wao akaubonyeza udongo kwa ncha ya kiatu. Akaridhika. Waliporudi Fondo alikula sahani mbili za wali, akamshika Wangu mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mungu akulipe, mama," akasema, na kwa macho yake ulijua alikuwa akishukuru.

Mungu hakuchelewa. Tulizana ilijua ukweli, lakini soko halikujua, na haikuwezekana kuliambia. Soko lilijua kwamba kuna mwanamke aliyemuua mzee wa watu kwa jagi la maji, na kwamba amekiri mwenyewe. Wateja wakapungua. Monicah alisogeza vitunguu vyake meza ya tatu, akasema ni kwa ajili ya kivuli. Kisha mtoto wa mteja mmoja akaharisha baada ya kula kabichi, na watu wakaanza kuhesabu: ana mvi, hana mume, maji yake yameua. Tulimpa jina. Akipita chini ya ukuta tuliita Bibi Jagi, na mmoja wetu alijikinga kichwa kwa mikono, na wengine tukacheka mpaka tukateleza. Siku aliyokuta meza yake imevunjwa, mayai yamepondwa juu yake na jivu limenyunyizwa kuzunguka, alikuja Tulizana akaketi mferejini bila kusema na mtu.

Charity alimletea chai. "Mama," akasema, "sasa umetimiza masharti."

Wangu alimtazama. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu sherehe, akicheka na kujifuta macho kwa leso.

Na akiwa bado palepale mferejini, madumu yamejipanga, kabambe ikalia. Namba ngeni. Hata hakuhitaji spika.

"Wangu wangu," kikasema kinu.

Watu wote mferejini wakageuka. Wangu akaikumbatia simu kwa leso.

"Punguza sauti. Wewe ni marehemu."

"Marehemu ana njaa. Kabichi za huku ni majani matupu."

"Umezibonyeza?"

"Mimi sijui kubonyeza. Mwenye ujuzi yuko huko." Kukawa na kimya, kimya cha mtu anayejaribu kunong'ona na hajui pa kuanzia. "Charity aniambia wamekuvunjia meza."

"Wameivunja vizuri."

"Pole, laazizi. Sasa waja?"

"Naja. Ila naja na kichwa changu, nakwambia mapema. Cheupe."

"Njoo nacho. Ntakipaka mwenyewe, mpaka nyuma ya masikio."

Aliondoka siku ya presha, foleni ikitazama. Alivaa gauni la manjano lenye doa begani, na kifuani alibeba kabichi moja kubwa, ngumu, kama mtoto. Alikuwa amekataa kuiweka kwenye buti. Bibi Nyevu aliinua macho kwenye ukili akamtazama mpaka gari lilipokata kona, na hilo la kuinua macho sijawahi kumwona akilifanya tena.

Hapo ndipo ninapoimalizia kila mara. Na hapo ndipo nilipoimalizia juzi pale getini, nikiwasimulia wapangaji wapya waliokuja na madumu yao, wakiwa wamenyamaza jinsi msimuliaji anavyopenda. Mmoja, Cindy, binti wa kuvutia ambaye nilikuwa nikimsimulia yeye hasa, aliuliza ni nani aliyerusha ile video. Nikamwambia kwa huzuni kwamba watu wengine hawana utu, na hajajulikana mpaka leo.

"Majina umeyabadili vizuri," ikasema sauti nyuma yangu. Ni Bibi Nyevu, ukili mkononi, macho chini. "Mimi umenipa zuri kuliko langu. Lakini kuna kitu umesahau kukibadili."

Nikamuuliza kwa adabu zote ni kitu gani, bibi.

"Cheka kidogo," akasema.

Nikamwambia sina cha kuchekea. Lakini Cindy alikuwa ameshaitafuta video ile, maana vitu hivyo havifutiki, na akaibonyeza. Maji yakamwagika, kichwa cheupe kikatokea, na juu ya yote pampu ya baiskeli ikaanza kazi. Mimi nina kasoro moja tangu utoto, nikishikwa na haya huwa nacheka. Nilifunga mdomo, nikauma ulimi, nikatazama mchanga. Kikanitoka.

Cindy aliitazama simu, akanitazama mimi, akaitazama simu. Hiii-hiii-fyuu, ikasema mkononi mwake. Hiii-hiii-fyuu, nikasema mimi.